Mafiga ya Sake, mabenchi ya Mubi

Jiwe la mtoni ukiliweka motoni linaweza kupasuka na kumwaga chungu. Jiwe la volkano huvumilia. Mama yangu mkubwa alilijua hilo kabla mimi sijazaliwa, na ndiyo sababu mafiga yake matatu, pale njia panda ya Sake, mashariki mwa Kongo, yalikuwa mawe meusi yenye vitundu, yaliyookotwa kwenye lava ya mlima Nyamulagira. Lava hiyo iliteremka mwaka 1938 ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake, ikakaribia kabisa kuufunga mlango wa ghuba ya Kabuno. Wazee walioiona waliisimulia kama msiba. Mama mkubwa aliokota humo mawe ya kupikia.

Aliamka saa kumi za usiku. Maharage ya Masisi, yale manene yenye madoa, alikuwa ameyaloweka tangu jioni. Akishayainjika hakufunua chungu ovyo, alisikiliza. Maji yakianza kutoa sauti nzito, ya chini, alijua maharage yamekunywa ya kutosha, ndipo alipotia chumvi na kitunguu. Benchi lake lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, uliong'aa katikati kwa kukaliwa. Dereva akishuka haraka, akitaka apewe chakula mkononi aondoke, alimwambia: "Papa, ikala kwanza. Bugali haina mbio." Naye dereva alikaa. Akishakaa, turniboyi wake naye alikaa, na mwenye mzigo, na mama mwenye kuku wawili chini ya mkono. Ndani ya nusu saa watu ambao hawakujuana walikuwa wamekwisha kuulizana habari za barabara, bei ya viazi Goma, nani amezikwa Mushaki.

Nimefundisha historia shuleni kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu tulivyopewa vilieleza miji yetu kwa majina ya maofisa, kampuni na waasi. Chungu hakikutajwa hata mara moja. Mimi nimezaliwa Sake, nimeolewa Walikale, nimeishi pande zote mbili za barabara ya Masisi kwenda Walikale, iliyokatika kwa miaka mingi, na ninashuhudia kwamba miji ya Masisi na Walikale ilianzia kwenye mafiga ya wanawake kando ya njia. Ofisi ziliweka bendera. Wanawake waliweka benchi, na penye benchi ndipo watu walipobaki.

Zamani chakula hakikuuzwa. Mgeni akifika kijijini alilishwa, akalala, akasindikizwa asubuhi. Kumwomba malipo ilikuwa aibu kwa ukoo mzima. Mahali pa wote palikuwepo pia. Mwaka 1956, huko kwa Wanyanga wa Walikale, mzee Shekarisi Rureke alitamba hadithi ya shujaa Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kusimulia mbele ya watu, huku Daniel Biebuyck, Mbelgiji, na wasaidizi wake Wakongo wakiandika. Kitabu alichokitoa pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969 kinasomwa leo katika vyuo vikuu vya dunia. Mimi ninapokifikiria, kinachonijia kwanza ni uwanja wenyewe: kijiji kizima kimekaa siku 12, mtu akiondoka kwenda kuteka maji na kurudi, na mahali pake pakimngoja. Sisi kwa Kiswahili chetu cha Kongo tunapaita barza, mahali pa kukaa na kusemezana, iwe veranda ya mwami, yaani chifu, au kivuli cha mti.

Kuuza chakula kilichopikwa kulikuja na faranga. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa uwezo wa kugawa ardhi kwa walowezi. Milima ya Masisi, yenye baridi na majani mazuri, ikawa mashamba ya kahawa, pareto na malisho ya ng'ombe. Mikono ya kufanya kazi haikutosha. Kuanzia 1937 mradi ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda ukaleta familia kutoka Rwanda na kuzikalisha Gishari, na uliendelea hadi 1955. Wengine walikuja wenyewe, wakiwa na jembe na mkeka. Uchungu uliotokana na ardhi ile, nani alipewa na nani alinyang'anywa, haujatoka mpaka leo, na sitaki kuupita kana kwamba ni jambo dogo. Lakini ninafuata chungu. Mwanamume mwenye faranga mfukoni, aliye mbali na jiko la mama yake na la mke wake: huyo ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza wa mgahawa katika milima yetu. Mwanamke wa kwanza aliyethubutu kumtoza alisemwa vibaya. Wa pili hakusemwa sana.

Lugha ya biashara hiyo ilikuwa Kiswahili, na hapo ndipo nguvu yake ilipokuwa. Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda, Kitembo, Kikano, Kikumu, kila moja ilikuwa na nyumba yake. Kiswahili hakikuwa na nyumba kwetu. Kilikuwa na soko. Mtu alipouliza "sahani ni ngapi?" hakuna aliyejua mara moja ametoka kilima gani.

Hata chakula chenyewe kilikuwa cha wageni waliokaa. Leo mtu wa Sake atakuambia sambaza ni samaki wa asili ya kwetu. Ziwa Kivu halikuwa naye. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vifaranga vyake vilitolewa Ziwa Tanganyika vikamwagwa Kivu, na miaka ya baadaye vikawa vimejaa ziwani. Mama mkubwa alikumbuka siku za mwanzo watu walipowakataa, wakisema ni wadogo mno kuitwa samaki. Aliwakaanga wakavu kabisa, akawarushia chumvi na pilipili, akawaweka watano watano pembeni mwa sahani bila kutoza kitu. Baada ya hapo watu waliwaulizia wenyewe.

Utoto wangu ulikuwa wa Zaire. Mwaka 1973, mwezi wa 11, Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yawe ya Wazaire. Mashamba mengi ya Masisi yalikwenda kwa wakubwa wa mbali, na butiki za Wagiriki na Wabelgiji zikabadilisha wenyewe. Nyingine zilibaki rafu tupu. Biashara ya chungu haikuguswa, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyeona kwamba ni mali. Ndiyo maana ilidumu. Salongo, ile kazi ya lazima ya pamoja, ilipoitishwa asubuhi, watu walifyeka kando ya barabara kisha wakateremka na majembe yao kuja kunywa chai ya maziwa kwa mama mkubwa. Jioni kabare, yaani mabaa, zilifungua redio, Franco na TPOK Jazz wakaimba, chupa za Primus zikapangwa mezani, na wazee waliopenda kasiksi, pombe ya ndizi, wakakaa upande wao na kata zao. Kati ya kabare na mafiga palikuwa na uwanja mtupu wa mchanga mweusi. Tulicheza mpira hapo. Mchana ulikuwa soko, usiku ukawa mahali pa kutembea tu, vijana na wasichana wakizunguka polepole, mara moja, mara mbili, kuonana. Sijui mji wa kweli unahitaji nini zaidi ya kiwanja kama kile.

Siku ya soko ilikuwa na pande mbili. Upande wa juu, uliotazama Mushaki, ulikaa Masisi: viazi, kabichi, maharage, maziwa katika bidoni, na yale mafromaji ya duara, mazito, ambayo Wabelgiji walifundisha kuyatengeneza na wafugaji wetu wakaendelea nayo. Upande wa chini ulikaa msitu: mafuta ya mawese, ndizi, mchele, nyama iliyokaushwa kwa moshi. Hivyo vilitoka Walikale. Walikale ni nchi nyingine kabisa. Ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu ukubwa wa Rwanda nzima, na ukiteremka kutoka baridi ya Masisi unaingia kwenye joto la miti mirefu ambako ng'ombe ni kiumbe cha kushangaza. Mafuta yalikuja mgongoni mwa wabebaji kupitia Nyabiondo. Chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, ziliteremsha magunia kutoka vilimani, vijana wakizishika breki kwa kisigino cha kandambili. Sombe la mama mkubwa, mboga ya majani ya muhogo, lilikutanisha pande hizo mbili: mafuta ya msitu na maharage ya mlima katika sahani moja. Aliyelila hakula tu. Alikuwa anapokea habari za nchi mbili.

Sasa nifike Ntoto.

Ntoto iko Walikale. Tarehe 20 Machi 1993 watu walikuwa sokoni. Wenye silaha wa Kinyanga na Kihunde waliwavamia Wahutu waliokuwa hapo na kuwaua makumi kwa mapanga na mikuki. Mauaji yakaenea vijiji vya jirani, yakapanda Masisi, ambako makundi ya Wahutu nayo yaliua Wahunde na Wanyanga, na kwa miezi milima ikawaka. Maelfu walikufa na watu zaidi ya 200,000 wakahama. Wanahistoria wanaeleza sababu za ardhi, uraia na siasa za uchaguzi uliokuwa unangojewa, na wako sahihi. Mimi ninaongeza jambo moja ambalo sijaona likipewa uzito: mahali palipochaguliwa palikuwa soko. Aliyetaka kuvunja ujirani alijua ulikokuwa umekaa.

Huko Sake tuliliona lile tendo katika jambo dogo. Watu walianza kuuliza nani amepika kabla ya kuuliza kimepikwa nini. Benchi la mama mkubwa, lililokuwa la watu wanane, likawa na nafasi katikati. Kulikuwa na mwanamke wa upande mwingine ambaye kwa miaka 12 alikaanga mandazi hatua tano kutoka kwetu na kutuazima moto asubuhi. Wiki moja hakuja. Mama mkubwa alimwekea mahali pake, akapafagia kila siku mpaka mwezi ukaisha. Hakurudi, na hatujawahi kujua alikwenda wapi.

Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache. Kambi ya Mugunga ikawa kati yetu na Goma. Wengi wanaokumbuka kambi zile hukumbuka kipindupindu na silaha, na ndiyo kweli yake. Lakini mwanzoni mwa 1995 watu wa misaada walihesabu biashara zilizokuwa katika kambi kubwa tano za kuzunguka Goma, wakakuta mabaa 2,324 na migahawa 450, pamoja na vinyozi 62, mafundi cherehani 30 na majumba ya sinema 3. Wapo waliozisoma hesabu hizo kama ushahidi wa ujanja. Mimi nazisoma tofauti. Binadamu akitupwa juu ya mawe, na turubai moja, bila kujua kesho, kitu cha kwanza anachokijenga ni mahali pa kuketi na wenzake kula.

Mwaka 2004 nilihamia Mubi, Walikale, kwa ndoa. Barabara ya Masisi kwenda Walikale ilikuwa imekufa; kwa miaka mingi lori halikupita, daraja likianguka halikuinuliwa. Nilifika kwa ndege, na ndege ilitua barabarani. Sisemi kwa mfano. Huko Kilambo kuna kipande cha lami kilichonyooka kwenye barabara ya kwenda Kisangani, na ndicho kilichokuwa kiwanja. Askari walisimamisha pikipiki, mbuzi wakafukuzwa, ndege ndogo ikashuka kati ya miti. Iliteremsha bia, unga, sabuni na mimi. Ikapakia mawe ya kasiteriti, madini ya bati.

Mawe hayo yalitoka Bisie. Mwaka 2002 hivi yaligunduliwa humo msituni, kilomita zipatazo 45 kwa miguu kutoka Njingala, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya bati yote ya Kivu Kaskazini ilitoka kilima hicho kimoja. Maelfu ya watu walihamia. Kando ya mashimo ukasimama mji wa mbao na turubai ulioitwa Manoire, wenye hoteli, mabaa, vyumba vya video na migahawa mistari kwa mistari, na hakuna gari lililowahi kufika. Kila chupa, kila kilo ya mchele, kila kuku, alipanda mgongoni mwa mtu siku mbili kwenye matope. Kila barieri ilikuwa na mwenye bunduki aliyedai fungu lake. Sahani ya bugali iliyokuwa ya kawaida Mubi ilifika Manoire na bei ya mara kadhaa, na ilinunuliwa.

Nilikuwa mwalimu. Shule ilikuwa inalipa walimu kwa mchango wa wazazi, na wazazi walikuwa wamekwenda mgodini. Miezi ikapita bila mshahara. Nikakumbuka mafiga. Huko Mubi hakuna mawe ya volkano, kwa hiyo nilitumia vipande vitatu vya chuma cha lori lililokufa. Mume wangu alipasua mabenchi mawili ya mti wa libuyu, mazito hata hayawezi kuibwa na mtu mmoja. Nikaanza na wali, maharage na sombe baada ya saa za darasa.

Wateja wangu walikuwa wabebaji. Walitoka msituni na gunia la kilo 50, kamba ikiwa imeacha mfereji begani. Hawakuweza kukaa mara moja. Walisimama kwanza, wakalishusha gunia polepole wakipiga magoti, kisha wakabaki wameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili kama mtu anayetoka mtoni. Niliwapa maji. Baada ya maji waliongea, na waliongea Kiswahili cha kila mahali: Mnyanga wa Pinga, Mshi wa Walungu, Mnande wa Butembo, kijana wa Masisi ambaye baba yake aliponea chupuchupu mwaka 1993. Huyo wa mwisho alikula kwangu miaka miwili, akikaa benchi moja na watu wa Ntoto. Sikuwahi kuwaamrisha wapatane. Niliwapa sahani kutoka chungu kimoja, na kila mmoja aliona kijiko kikichota cha mwenzake.

Ndipo Septemba 2010 Rais Kabila alipotangaza kusimamisha uchimbaji katika majimbo matatu ya mashariki. Miezi miwili kabla, Marekani ilikuwa imepitisha sheria ya kuzitaka kampuni zake zieleze madini yao yametoka wapi, na wanunuzi wa mbali walikuwa wamekwisha kuanza kurudi nyuma. Marufuku iliondolewa Machi 2011, lakini bei na wateja hawakurudi pamoja nayo. Nilihesabu sahani: siku moja arobaini, wiki mbili baadaye sita. Ndege za Kilambo zikapungua, kwa hiyo unga ukapanda. Wasichana waliokuwa wakiosha vyombo kwangu wakarudi vijijini kulima. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba bunduki zilipaswa kutoka mgodini. Lakini aliyetia saini Kinshasa na aliyetia saini Washington hawakuwahi kukaa kwenye benchi langu, na sheria zao zililikuta benchi hilo kabla ya kuwakuta wenye bunduki.

Baadaye kampuni ya Alphamin ilijenga mgodi wa mashine huko huko Bisie, ikaanza kutoa bati mwaka 2019 kwa wingi unaojulikana duniani. Mgodi wa mashine hauhitaji mbebaji wa kuvuka msitu siku mbili, na mbebaji ndiye aliyekuwa mteja wetu. Manoire ya zamani ilikwisha bila mtu yeyote kuiandikia kumbukumbu. Nimewatafuta akina mama waliopika kule. Nimepata saba, na nimeandika daftarini yale waliyopika, kwa kipimo gani, na nani aliwafundisha.

Kitchanga nitaisema kwa ufupi, ijapokuwa inastahili kitabu. Mji huo umekaa juu ya mpaka wa Masisi na Rutshuru, na uliongezeka kwa waliokimbia vita vya pande zote. Kambi za Mungote na Kahe zilikuwa kama mitaa yake. Mwishoni mwa Februari 2013 mapigano kati ya jeshi na kundi la APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Nilipita huko miezi michache baadaye. Nyumba nyingi zilikuwa bado majivu na bati zilizokunjamana. Kando ya barabara, mbele ya majivu yale, chai ilikuwa inauzwa.

Watu wa maendeleo wamekuja mara nyingi na michoro ya kuinua katikati ya miji yetu. Niliona soko moja la kisasa likifunguliwa kwa hotuba na utepe. Kuta nzuri, meza za saruji, mlango wa chuma wenye kufuli. Hapakuwa na mahali pa moto wala tundu la moshi. Bomba la maji lilikuwa upande wa pili wa uzio, na mlango ulitazama mbali na barabara. Akina mama waliingia, wakakaa wiki tatu, wakarudi njiani. Wakubwa wakasema wanawake hawa hawapendi usafi. Sikubaliani kabisa. Mpishi anajua kwamba msafiri hukata shauri la kula anapoona mvuke na kusikia harufu, akiwa bado barabarani; ukimficha mpishi nyuma ya ukuta umemfilisi. Aliyechora soko lile hakuwauliza wapishi hata swali moja.

Kisha kuna barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, taasisi ya Ubelgiji, walitoa hesabu ya vizuizi vya barabarani katika Kivu zote mbili, wakapata 798. Kila kimoja hudai kitu: noti, kuku, kopo la mafuta, sigara. Mama anayeleta mawese kutoka msituni hulipa njiani mara nyingi kuliko anavyolipwa sokoni. Mtu akiniuliza jinsi ya kuwafanya watu warudi kula mjini, nitamwambia aanze huko. Sahani ya Sake inapandishwa bei kilomita nyingi kabla haijafika Sake.

Mama mkubwa alifariki mwaka 2016, na binti yake akashika kijiko. Februari 2024 mabomu yalianza kuangukia Sake, na karibu mji mzima ukakimbilia upande wa Goma, juu ya lava, chini ya turubai. Rubaya, mji wa koltani, ulichukuliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili mwaka huo. Masisi mjini ikaanguka mwanzoni mwa Januari 2025, Sake wiki chache baadaye, Goma tarehe 27 ya mwezi huo huo. Mwezi Machi vita vikafika Walikale penyewe, M23 wakaingia, wakakaa kama wiki mbili, wakatoka mwanzoni mwa Aprili. Watu wa kambi za Goma waliambiwa warudi makwao, wakarudi na masufuria kichwani, wengi wakikuta ukuta bila paa.

Nilifika Sake Machi hiyo. Benki za Goma zilikuwa zimefungwa, na noti zilizobaki mikononi zilikuwa zimechakaa hata namba hazisomeki. Binti yake mama mkubwa alizipokea hivyo hivyo, akiziunganisha kwa gundi jioni. Waliokosa kabisa aliwaandika kwenye kipande cha katoni. Mafiga mawili yalikuwa mahali pake. La tatu lilikuwa limechukuliwa, labda na mtu aliyehitaji kupika juu yake chakula chake mwenyewe, na hatukumlaumu. Tulitembea hadi kwenye lava, tukachagua lingine, tukalibeba kwa zamu. Ubao wa benchi ulikuwa umechomwa kuni. Tulitumia mlango wa nyumba iliyobomoka, nyumba ya ndugu yetu, kwa ruhusa yake. Siku ya kwanza walikaa wanne. Siku ya tatu watu walikuwa wanasimama kungoja nafasi, na kijana wa pikipiki aliyekuja kutoka Kitchanga alieleza njia ilivyo, ipi inapitika na ipi haipitiki, na wote waliacha kutafuna wakamsikiliza.

Yeyote atakayekuwa na mamlaka juu ya miji hii, leo au kesho, namwomba mambo machache. Aache kiwanja kitupu katikati, asikigawe viwanja vya kuuza. Aweke bomba la maji na choo karibu na wapishi, na taa moja inayowaka mpaka saa tatu usiku. Apande miti ya kivuli. Aondoe barieri. Paa linaweza kuja baadaye, na likija, wapishi waulizwe moshi utatokea wapi.

Nawe msomaji, ukipita Sake au Mubi, na Mungu akupitishe salama, usinunue biskuti dirishani mwa gari ukaendelea na safari. Shuka. Salimia walioketi, uliza kilichopikwa, kaa kwenye benchi lao, ule, na ulipe kamili bila kupunguza bei.